Zarathustra Aliishi Wapi na Lini? Ushahidi wa Lugha na wa Udongo

Jina la Majusi si geni masikioni mwa watu wa pwani wala wa bara. Aliyesoma Injili amekutana na mamajusi waliotoka mashariki kwenda Bethlehemu. Aliyesoma Kurani amelikuta jina la Majusi likitajwa pamoja na Mayahudi na Manasara. Neno hili latokana na jina walilokuwa wakiitwa makuhani wa Waajemi wa kale. Tena katika miji ya Unguja na Mombasa wamekaa Maparsi, watu waliotoka Bara Hindi, ambao wazee wao walihama Uajemi zaidi ya miaka 1000 iliyopita wapate kuishika dini yao. Dini hiyo ndiyo tutakayoizungumza, nayo ni dini ya Zarathustra, ambaye Wayunani walimwita Zoroastres.

Zarathustra aliwafundisha watu wamwabudu Ahura Mazda, maana yake Bwana Mwenye Hekima. Aliigawa dunia katika pande mbili, upande wa kweli, ambao kwa lugha yake ni asha, na upande wa uongo, ambao ni druj. Kila mtu, alisema, atachagua upande wake mwenyewe, naye atahukumiwa kwa alilolichagua. Hayo twayajua kwa hakika. Lakini mtu akituuliza mwalimu huyu aliishi lini, na katika nchi gani, hatuna kaburi la kumwonyesha. Hakuna jiwe lililochongwa jina lake siku alizokuwa hai, wala hakuna mfalme wa nchi jirani aliyeandika neno juu yake. Aliwahubiria watu wasiojua kuandika, na maneno yake yakakaa vifuani mwa watu, baba akimfundisha mwana, kwa muda wa miaka mingi sana.

Wako wasemao kwamba taifa lisiloandika halina historia, nasi tumeambiwa hivyo juu ya babu zetu mara nyingi. Basi na tutazame jinsi wenye elimu walivyomfuatia mtu huyu nyuma, hatua kwa hatua, bila ya karatasi ya siku zake hata moja.

Kwanza zipo khabari za kale. Wayunani wengine waliandika kwamba aliishi miaka 6000 kabla ya Xerxes, mfalme wa Uajemi, kuvuka bahari kwenda kupigana nao. Hadithi hiyo yafaa kuachwa ilipo. Makuhani wa dini yenyewe walisema kwamba ilipita miaka 258 kutoka kwake mpaka Iskandari Mkuu, na kwa kuwa Iskandari aliupindua ufalme wa Uajemi katika mwaka 330 kabla ya Masihi, hesabu hii yamweka Zarathustra karibu na mwaka 588 kabla ya Masihi. Wataalamu wengi waliipokea, na wachache wangali wakiishika. Ila walioiandika waliishi karne nyingi baadaye, nao walikuwa wakiipanga miaka ya dunia katika mafungu ya elfu elfu, ambayo yalitakiwa kutimia. Anayetaka fungu lake litimie hukosi kumwogopa kidogo anapohesabu.

Kiko kitu kingine kilichowapoteza watu. Kitabu chasema kwamba mfalme aliyemkaribisha Zarathustra aliitwa Vishtaspa, na baba yake Dario, mfalme mkuu wa Uajemi, aliitwa Vishtaspa pia. Wengine wakaruka wakasema, ni mtu yule yule! Lakini Vishtaspa wa kitabu ni mwana wa Aurvataspa, na Vishtaspa baba yake Dario ni mwana wa Arshama. Katika kijiji chochote cha kwetu wapo akina Juma watatu, wala hakuna anayesema kwamba ni mmoja.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika kitabu chenyewe, kiitwacho Avesta. Jinsi kilivyopata kujulikana nje ya watu wake ni kisa cha kusimuliwa. Katika mwaka 1754 kijana mmoja wa Ufaransa, Anquetil-Duperron, aliona mjini Paris kurasa chache zilizonakiliwa katika herufi asizoweza kuzisoma mtu yeyote wa Ulaya. Hakuwa na nauli ya kwenda kuwatafuta wenye kuzijua, akajiandikisha askari wa kawaida wa kampuni ya Kifaransa ya Bara Hindi. Alifika Bara Hindi mwaka 1755, na tangu mwaka 1758 alikaa Surat akijifunza kwa makuhani wa Kiparsi. Alirudi Paris mwaka 1762 na maandiko ya mkono 180, na mwaka 1771 akaichapisha tafsiri ya Avesta.

Alipokewa kwa matusi. William Jones, Mwingereza kijana mwenye elimu nyingi ya lugha za mashariki, alimwandikia waraka wa kumcheka, akisema kwamba maneno yale ni ya kipuuzi mno, hayawezi kuwa ya mwenye hekima wa kale. Wengine wakadai kwamba lugha yenyewe imebuniwa na makuhani ili kuwadanganya wageni. Shtaka hili lilikuwa zito. Kama kitabu ni cha kubuni, basi Maparsi hawakuwa na lolote la kale mikononi mwao, na safari ya Anquetil ilikuwa bure. Alikufa mwaka 1805, mabishano hayajaisha.

Aliyewajibu wenye kushuku alikuwa Mdenmark jina lake Rasmus Rask, ambaye naye alikwenda Bara Hindi, na katika mwaka 1826 alitoa kitabu cha kuthibitisha kwamba lugha ya Avesta ni lugha kweli, tena ya kale, dada yake Kisanskriti. Baada yake Mfaransa Eugène Burnouf aliyapima maneno moja moja, na kuzikuta kanuni zake. Jambo la ajabu ni kwamba njia waliyoitumia ilikuwa imefunguliwa na Jones yule yule, aliposema Calcutta mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini ni lugha zilizotoka katika shina moja.

Njia hiyo si ngumu kwa msomaji wa Kiswahili. Mtu wa Unguja husema njia, njaa, njoo. Mtu wa Mvita husema ndia, ndaa, ndoo. Wa Unguja husema cheka na cheza. Wa Mvita husema teka na teza. Sauti hazikubadilika ovyo ovyo, zimebadilika kwa kanuni, na kwa hiyo twajua kwamba hawa ni ndugu, wala si watu wawili walioazimana maneno sokoni. Kati ya Kisanskriti na Kiavesta mambo ni hivyo hivyo. Kisanskriti chasema sapta kwa hesabu ya saba, Kiavesta chasema hapta. Kinywaji cha ibada kilichokamuliwa katika mmea ni soma kwa hawa, na haoma kwa wale. Jeshi ni sena, na haena. Vile vile penye h ya Kisanskriti mara nyingi Kiavesta kina z: mkono ni bahu na bazu, mimi ni aham na azem, dhahabu ni hiranya na zaranya. Mwenye kuzijua kanuni hizi aweza kuuchukua ubeti mzima wa Kiavesta na kuugeuza uwe Kisanskriti, akibadili sauti tu. Ni kuhani gani wa Surat angaliweza kubuni mpango wa namna hii, hali yeye mwenyewe hajui kwamba upo?

Hata sisi tunao ushahidi wa kanuni hii mashambani mwetu. Mto mkubwa wa magharibi ya Bara Hindi huitwa Sindhu kwa Kisanskriti. Watu wa Uajemi, kwa desturi yao ya kuigeuza s kuwa h, walisema Hindu. Waarabu wakapokea Hind. Nasi tukapokea Hindi. Kila tusemapo Mhindi, Bara Hindi, ama mahindi yale tunayoyasaga, twatamka h ambayo kwanza ilikuwa s. Kadhalika Waislamu wasemapo Firdausi, na Wakristo wasemapo Paradiso, wote wawili watumia neno lililotoka katika lugha za Kiirani, ambalo maana yake ya kwanza ilikuwa mahali palipozungushiwa ukuta. Katika Avesta neno hilo ni pairidaeza.

Sasa, ndani ya Avesta si maneno yote yaliyo na umri mmoja. Ziko nyimbo 17 ziitwazo Gatha, ambazo lugha yake ni ya kale kuliko sehemu nyingi za kitabu. Katikati ya karne ya 19 mtaalamu Martin Haug alionyesha kwamba nyimbo hizi ndizo zilizo na sauti ya Zarathustra mwenyewe: hujitaja kwa jina, humlalamikia Mungu kwamba hana ng'ombe wa kutosha na watu wake ni wachache, huuliza aende nchi gani akimbilie. Maneno ya namna hiyo hayaelekei kutungwa na wafuasi waliotaka kumtukuza.

Lugha ya Gatha inakaribiana mno na lugha ya Rigveda, kitabu cha kale kabisa cha Wahindi, ambacho wengi hukadiria kwamba kilitungwa kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 kabla ya Masihi. Tena tunacho kipimo cha upande wa pili. Dario alichonga maneno yake mlimani Bisotun yapata mwaka 520 kabla ya Masihi, kwa Kiajemi cha kale, na lugha ile imekwisha kupoteza mengi ambayo Gatha bado zinayo. Sehemu za baadaye za Avesta zafanana na hali ya lugha ya Dario kuliko zinavyofanana na Gatha. Basi Gatha lazima ziwe zimetangulia, tena si kwa miaka hamsini. Hii ndiyo sababu wataalamu wengi siku hizi humweka Zarathustra kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 kabla ya Masihi, ama baadaye kidogo.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wasema kwamba watungaji wa mambo ya dini hupenda lugha ya kale, kama washairi wetu watumiavyo maneno ya Kingozi ambayo hayasemwi tena sokoni. Jawabu ni kwamba anayeiga lugha ya kale hukosea. Na kweli ndani ya Avesta yako maneno yaliyotungwa na watu wa baadaye kwa kuiga lugha ya Gatha, na makosa yao yaonekana wazi. Gatha zenyewe hazina makosa ya namna hiyo.

Pana kipimo kingine kilichofukuliwa mbali sana, huko Bogazköy katika Uturuki. Tangu mwaka 1906 walifukua pale vibao vya udongo vya wafalme wa Wahiti, na kimoja kilikuwa na mapatano ya karne ya 14 kabla ya Masihi pamoja na mfalme wa Mitanni. Miongoni mwa miungu iliyoitwa iwe mashahidi wametajwa Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, ambao wote wamo katika Rigveda. Angalia jina la mwisho: lina s ya Kihindi, wala si h ya Kiirani. Maana yake ni kwamba karne ya 14 ndugu hawa wawili walikuwa wamekwisha kuanza kuachana.

Na katika kuachana kwao liko jambo lililo moyo wa khabari hii. Kwa Wahindi neno deva ni mungu. Katika Avesta daeva ni shetani, na Indra mwenyewe amehesabiwa kati ya mashetani. Neno asura, ambalo katika nyimbo za kale za Wahindi lilikuwa jina la heshima, baadaye kwao likawa jina la pepo wabaya, na kwa Waajemi ahura likabaki kuwa Bwana. Zamani watu walifikiri kwamba paliingia vita kati yao, kila upande ukaitukana miungu ya mwenziwe. Sisi twaona kwamba haihitaji vita. Kisotho cha Afrika Kusini husema Modimo, maana yake Mwenyezi Mungu. Kwetu mzimu ni roho ya mfu, na neno ni lile lile moja. Maneno ya dini huhama polepole. Hata hivyo katika Gatha miungu ya daeva yalaumiwa waziwazi kwa kushindwa kuchagua kweli na uongo, na hapo twamsikia mtu mmoja aliyeazimia kuigeuza dini ya watu wake.

Watu hao waliishi maisha gani? Majina yao yatueleza. Mwisho wa jina Zarathustra ni ushtra, yaani ngamia. Mwisho wa jina la baba yake, Pourushaspa, ni aspa, yaani farasi. Gatha zataja ng'ombe, malisho, na magari ya farasi. Mji hazitaji, wala soko, wala hekalu. Sehemu nyingine ya Avesta, iitwayo Vendidad, ina orodha ya nchi 16 zilizoumbwa na Ahura Mazda. Tunazozitambua ni kama Sogdiana, Merv, Balkh, Herat na bonde la mto Helmand, ambazo leo zimo katika Uzbekistan, Turkmenistan na Afghanistan. Nchi ya Uajemi wa magharibi, kulikokuwa na viti vya akina Dario, haimo. Mwenye kutunga orodha ya nchi hawezi kuisahau ya kwake. Basi dini hii ilianza mashariki, ndipo ikaenda magharibi.

Mambo ya lugha yalipofika hapo, wachimbuzi wa mambo ya kale walichukua majembe. Viktor Sarianidi, mtaalamu aliyefanya kazi katika Urusi ya Kisovieti, alifukua kwa miaka mingi huko Turkmenistan, penye jangwa la Karakum, mji mkubwa wa udongo uitwao Gonur. Mji huo ulistawi yapata mwaka 2300 hata mwaka 1700 kabla ya Masihi. Alikuta vyumba vyenye mahali pa moto, na katika kilima cha jirani kiitwacho Togolok 21 alikuta vyombo vilivyokuwa na masalio ya mimea. Akatangaza kwamba hayo ni mahekalu ya moto, na kwamba ndani ya vyombo mlikuwa na mimea ya kulevya iliyotiwa katika haoma. Magazeti yalifurahi sana. Lakini masalio hayo yalipopimwa tena, wapimaji wa Ufini hawakuona alama ya mimea hiyo, na wale wa Uholanzi, katika mwaka 2003, walikuta alama za nafaka ndogo kama mawele. Huenda mahali pa moto pengine palikuwa jiko tu. Hatumlaumu Sarianidi kwa kazi ya mikono yake, maana mji alioufukua ni wa ajabu. Ila watu wa mji ule walikuwa na majumba makubwa na makaburi ya kifahari, na wachungaji wa Gatha hawafanani nao.

Makaburi yenyewe yametoa dalili bora zaidi. Sheria ya Vendidad yakataza kumzika maiti ardhini, kwa kuwa ardhi ni safi na maiti ni najisi. Huwekwa mahali wazi, ndege na wanyama wamle. Katika nchi zile zile za Turkmenistan na kaskazini ya Afghanistan, baada ya mwaka 1500 kabla ya Masihi hivi, makaburi yanapotea, ingawa vijiji vingaliko. Kipindi hicho wachimbuzi hukiita cha Yaz. Mahali ni penyewe na wakati ni wenyewe. Lakini kukosekana kwa makaburi peke yake hakuthibitishi dini. Wamasai na Wakikuyu wa zamani pia waliwaacha wafu wengi porini kwa fisi, wala hawakuwa wafuasi wa Zarathustra. Dalili hii yapata nguvu kwa kuwa inakwenda pamoja na ile orodha ya nchi na umri wa lugha.

Magharibi ushahidi ni mwingi, ila ni wa baadaye. Kusini ya Hamadan, katika kilima cha Nush-i Jan, David Stronach alianza kufukua mwaka 1967, akakuta hekalu la karne ya 8 ama ya 7 kabla ya Masihi lenye madhabahu ya moto ya matofali, kimo chake kama kiuno cha mtu. Hekalu hilo halikuvunjwa. Watu walilijaza mawe kwa uangalifu na kulizika. Kwa nini, hawakuacha neno. Huko Bisotun Dario alimshukuru Auramazda na kuulaani Uongo, maneno ambayo Zarathustra angaliyatambua, lakini jina la Zarathustra halimo. Vibao vya Persepolis, vilivyofukuliwa mwaka 1933 na 1934, vyaonyesha kwamba watu wa mfalme walitoa nafaka na divai kwa ajili ya Auramazda na kwa ajili ya miungu mingine vile vile. Basi Waajemi wa wakati ule walikuwa wamepokea mengi ya dini hii, ila hawakuipokea kama kitabu kizima kinachofungwa na kufunguliwa.

Katika mwaka 2019 wapimaji wa mifupa ya kale walitoa khabari kwamba damu ya wachungaji wa nyika za kaskazini ilianza kuingia katika nchi za kusini ya Asia ya Kati karibu na mwaka 2000 kabla ya Masihi. Hayo yapatana na njia ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuionyesha, ingawa mfupa hausemi lugha.

Maandiko yenyewe yalikuja mwisho kabisa. Herufi za Avesta zilitungwa karibu na karne ya 5 ama ya 6 baada ya Masihi, na maandiko makubwa tuliyo nayo ni ya karne ya 13 na ya 14. Lakini kuna karatasi moja iliyo ya kale kuliko hayo. Iliokolewa katika pango lililozibwa huko Dunhuang, Uchina, na Aurel Stein aliichukua mwaka 1907. Sasa imo London. Iliandikwa karibu na karne ya 9 kwa herufi za Kisogdia, na juu yake mwandishi alitia sala fupi ambayo Maparsi huisali mpaka leo. Katika Avesta tuliyo nayo, neno la kwanza la sala hiyo ni ashem, yaani kweli. Katika karatasi ile limeandikwa rtm. Kwa Kisanskriti neno hilo ni rtam.